Nani Apewe Nafasi, na kwa Sheria Ipi?

Barua kadhaa zilizotufikia mwezi huu zinazunguka jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani: kama ni halali kumpa mtu nafasi ya chuo au ya kazi kwa kutazama rangi, kabila, jinsia au mahali alikotoka, na kama hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2023 inabadilisha lolote kwetu. Tumechagua sita na kuzifupisha. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao, na anayejibu ni wakili wa safu hii, kutoka Dodoma.

*Wakili, shikamoo. Binti yangu amemaliza Kidato cha Sita kwa mchepuo wa sayansi na anaandaa maombi ya vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili. Kaka yake anamkatisha tamaa. Anasema tangu mahakama ya huko ipige marufuku kuwapendelea weusi, Mwafrika hapati tena. Je, ni kweli? Na akieleza katika insha yake kwamba yeye ni Mwafrika, atakuwa amevunja sheria? Mama, Nkuhungu.*

Marahaba, mama. Kaka mtu amesikia nusu ya habari. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika mashauri mawili yaliyofunguliwa mwaka 2014 na kikundi kiitwacho Students for Fair Admissions, moja dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard na jingine dhidi ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Kwa kura sita dhidi ya mbili katika shauri la Harvard, na sita dhidi ya tatu katika lile la North Carolina, majaji waliamua kwamba vyuo hivyo vilikosea kuhesabu rangi ya mwombaji kuwa sababu ya kumpokea. Kura zilitofautiana kwa kuwa Jaji Ketanji Brown Jackson, aliyewahi kuketi katika bodi mojawapo ya Harvard, alijitoa katika shauri la chuo hicho.

Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu John Roberts. Alisema kwamba malengo ya vyuo, kama vile kuandaa viongozi wa kesho, hayapimiki mahakamani. Kwamba penye nafasi za kuhesabika, kumwongezea mmoja kwa rangi yake ni kumpunguzia mwingine kwa rangi yake. Na kwamba mpango wenyewe haukuwa na mwisho unaoonekana. Hoja hii ya mwisho ina historia yake. Mwaka 2003, katika shauri lililohusu shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Michigan, Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba anatarajia upendeleo huo usihitajike tena baada ya miaka 25. Wenzake waliomrithi hawakusubiri miaka hiyo itimie.

Hata hivyo, hukumu hiyohiyo ilisema wazi kwamba chuo hakizuiwi kusoma maelezo ya mwombaji kuhusu jinsi rangi yake ilivyogusa maisha yake, iwe kwa kubaguliwa, kwa kutiwa moyo au kwa namna nyingine, mradi chuo kimpime kwa ujasiri au uwezo alioonyesha yeye binafsi. Binti yako, kwa hiyo, havunji sheria yoyote kwa kusema ukweli wa maisha yake. Ila sentensi inayosema tu "mimi ni Mwafrika" haitamsaidia kitu. Kama darasa lao lilifanya mazoezi ya kemia kwa bureti moja iliyozungushwa meza kwa meza, na yeye ndiye aliyepanga zamu ili kila mmoja aishike kabla ya mtihani wa taifa, hiyo ndiyo insha.

Liko jambo jingine ambalo kaka mtu hakulijua. Mtanzania anayeomba kutoka Dodoma huhesabiwa kuwa mwanafunzi wa kigeni, wala haingizwi katika hesabu za rangi zinazobishaniwa huko. Chuo cha MIT kilipotangaza takwimu za wanafunzi walioingia mwaka 2024, weusi walikuwa wameshuka hadi asilimia 5 kutoka asilimia 13 ya miaka iliyotangulia, na hilo ni pigo kwa Wamarekani weusi. Kizingiti cha binti yako ni fedha. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard na MIT, humpokea mwombaji wa kigeni bila kutazama kama ana uwezo wa kulipa. Vingi humtazama mfukoni kwanza. Aanze na orodha ya vyuo vya kundi la kwanza. Viza ni shauri jingine, lenye masharti yanayobadilika kila mara.

*Ndugu Wakili, mimi ni Afisa Rasilimali Watu wa asasi yenye ofisi Dodoma na Singida, na sehemu ya fedha zetu hutoka Marekani. Mfadhili alituagiza tuondoe habari za ujumuishi katika sera yetu ya ajira na kutia sahihi hati ya kuthibitisha kwamba hatuna programu haramu za aina hiyo. Mkurugenzi sasa anataka tusizingatie hata watu wenye ulemavu. Wakati huohuo jopo letu la usaili linatumia fomu hii ninayoiambatanisha, nami sina raha nayo. Afisa, Area D.*

Ndugu yangu, umeandika mambo mawili ambayo mkurugenzi wako ameyafunga kamba moja. Tuyafungue.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Hiyo ni sheria ya Bunge la Jamhuri ya Muungano, na hati ya mfadhili haimwondolei mwajiri wa Dodoma wajibu huo. Chimbuko la hati mliyoletewa bila shaka ni Amri ya Rais Na. 14173, aliyoitoa Rais Donald Trump tarehe 21 Januari 2025, inayowataka wapokeaji wa ruzuku za serikali ya Marekani wathibitishe kwamba hawaendeshi programu za ujumuishi zinazovunja sheria za nchi hiyo za kupinga ubaguzi. Tazama mahali uzito ulipo: kinachokatazwa ni programu inayovunja sheria, si kila programu. Tatizo ni kwamba amri haikufafanua ni ipi inayovunja na ipi isiyovunja, na ukungu huo ndio uliowatia hofu wengi hata wakafuta zaidi ya walichoombwa kufuta.

Zaidi ya hayo, sheria kuu ya Marekani dhidi ya ubaguzi kazini, yaani Sehemu ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, humfuata raia wa Marekani anayefanya kazi nje kwa mwajiri wa Kimarekani. Haimhusu Mtanzania anayefanya kazi Singida. Kinachowabana ninyi ni mkataba wa ruzuku. Mwandikieni mfadhili, mkiambatanisha kifungu cha sheria yetu, mkimweleza kwamba asilimia 3 ni takwa la sheria ya nchi mnamofanyia kazi, na mwombe ajibu kwa maandishi. Simu haitoshi. Atakayekuja kukagua mahesabu yenu hatakuwa yule mliyezungumza naye.

Sasa fomu. Ina safu tano: elimu alama 20, uzoefu 25, mtihani wa kuandika 30, mahojiano 20, na safu ya mwisho yenye kichwa "mchanganyiko", alama 5. Nne za kwanza zina mwongozo nyuma ya karatasi. Ya tano haina hata mstari mmoja. Katika nakala uliyonitumia, wasaili wawili wamewapa wanawake wote 5 na wanaume wote 0, na wa tatu ameandika pembeni, kwa penseli, kabila la kila mwombaji, kisha akagawa alama kwa hesabu anayoijua mwenyewe.

Wamarekani walishapita njia hiyo. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kikimpa mwombaji wa shahada ya kwanza kutoka makundi ya rangi yenye watu wachache alama 20 katika kipimo cha alama 150, na mwenye 100 alikuwa na hakika ya kuingia. Mwaka 2003, katika shauri la Gratz dhidi ya Bollinger, Mahakama ya Juu iliufuta utaratibu huo, ingawa siku hiyohiyo iliruhusu shule ya sheria ya chuo hicho kuitazama rangi pamoja na mambo mengine ya mwombaji mmoja mmoja. Kilichoshindwa mwaka ule kilikuwa alama ya jumla, inayomwangukia kila mtu wa kundi bila kumtazama yeye.

Hapa kwetu Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, nacho kinagusa pia matangazo ya kazi na vigezo vya kuchagua waombaji. Orodha ya sababu zilizokatazwa ni ndefu: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na nyinginezo. Lakini kifungu hichohicho kinasema si ubaguzi kuchukua hatua mahususi zinazoendana na kukuza usawa, wala kumchagua mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe inaihitaji. Kwa hiyo kuwaongeza wanawake katika idara isiyo nao kunaweza kusimama mbele ya msuluhishi. Alama 5 zisizo na maelezo haziwezi. Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Mpango huo unaeleza pengo liko wapi, hatua gani itachukuliwa na kwa muda gani. Mnao? Kama hamnao, ifuteni safu ya tano leo na muanze kuuandika.

Kuhusu yale ya penseli sina la kukutetea. Msaili huyo asikae tena katika jopo, na karatasi isifutwe, kwa sababu ni kumbukumbu ya usaili na huenda ikahitajika. Mkitaka waombaji wa namna nyingi, tanueni mlango wa kuingilia: pelekeni tangazo kwenye mbao za kata na redio za hapa, waiteni SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, walisambaze kwa wanachama wao, acheni siku za kutosha kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Wakishafika mezani, wapimwe kwa mizani moja.

*Mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu. Tunabishana hosteli: je, baada ya hukumu ya Harvard, ajira za kuzingatia mchanganyiko wa watu huko Marekani zimekwisha? Mambo yanaelekea wapi? Mwanafunzi, Dodoma.*

Hukumu ya Harvard ilihusu udahili, na ilisimama juu ya Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, yanayomhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria, pamoja na Sehemu ya Sita ya sheria ya 1964, inayowahusu wapokeaji wa fedha za serikali. Ajira iko chini ya Sehemu ya Saba, na huko kumwajiri mtu kwa sababu ya rangi yake kulikuwa haramu tangu mwanzo. Kilichokuwepo ni upenyo mwembamba uliofunguliwa na mashauri mawili, Weber la mwaka 1979 na Johnson la mwaka 1987, uliomruhusu mwajiri kuwa na mpango wa hiari na wa muda wa kurekebisha kazi ambazo kihistoria kundi fulani lilifungiwa nje. Mashauri hayo bado hayajatenguliwa. Kwa maoni yangu hayatadumu yakifika mbele ya majaji wa sasa, na mwajiri mwenye busara hayategemei.

Msomeni Ames dhidi ya Idara ya Huduma za Vijana ya Ohio, hukumu ya tarehe 5 Juni 2025. Mama mmoja alilalamika kwamba alinyimwa cheo kwa kuwa si shoga, na mahakama za chini zilimtaka, kwa sababu ni wa kundi la walio wengi, alete ushahidi mzito kuliko ambao angetakiwa kuuleta mtu wa kundi la wachache. Mahakama ya Juu ilikataa kwa kauli moja, na aliyeandika ni Jaji Jackson, yuleyule aliyepinga vikali hukumu ya North Carolina. Wanaodhani kila jaji hukaa upande wake kama shabiki wa Simba au Yanga waisome mara mbili.

Mapambano mengine yamehamia pembeni. Mfuko mmoja wa Atlanta, Fearless Fund, uliokuwa ukitoa ruzuku ya dola 20,000 kwa wafanyabiashara wanawake weusi pekee, ulizuiwa na mahakama ya rufani mwaka 2024 kwa kutumia sheria ya mwaka 1866, ambayo ilitungwa kuwalinda watumwa walioachwa huru ili waweze kuingia mikataba kama wazungu. Baadaye pande mbili zilipatana na ruzuku ikafungwa.

Swali lililo wazi zaidi ni la vigezo visivyotaja rangi lakini vinavyoleta mchanganyiko. Tangu mwaka 1997 Texas ina sheria inayowahakikishia nafasi katika vyuo vya jimbo wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya kila shule ya sekondari (chuo chao kikuu cha Austin kiliruhusiwa baadaye kuipunguza asilimia hiyo), na kwa kuwa shule nyingi za huko zina watu wa rangi moja, matokeo yake ni mchanganyiko bila kuuliza rangi ya mtu. Huko Virginia, shule ya Thomas Jefferson ilibadili udahili kwa namna inayofanana. Wazazi wakashtaki, wakashindwa katika rufani mwaka 2023, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri, huku majaji wawili wakilalamika. Serikali ya sasa ya Marekani inasema kigezo kilichochaguliwa ili kufikia rangi kwa mlango wa nyuma ni haramu vilevile. Hapo ndipo shauri kubwa lijalo litakapozaliwa, na sioni kama matokeo yake yanatabirika.

Msisahau pia kwamba amri ya rais haifuti sheria ya Bunge lao. Aprili 2025 Rais aliziagiza idara ziache kusimamia kanuni inayotokana na shauri la Griggs la mwaka 1971, kwamba kigezo kinaweza kuwa cha kibaguzi kwa athari zake hata kama nia haikuwepo. Lakini kanuni hiyo iliandikwa katika sheria mwaka 1991, na mfanyakazi binafsi bado anaweza kuishika na kwenda mahakamani.

*Wakili, vijana wa leo wanadhani kugawana nafasi kwa mikoa ni wazo la wageni. Sisi tuliofundisha miaka ya 1970 tulikuwa nalo. Je, lilikuwa halali? Mwalimu mstaafu, Kondoa.*

Shikamoo, Mwalimu. Lilikuwepo, na uhalali wake haukuwahi kupimwa kwa kipimo cha leo, kwa sababu kipimo hakikuwepo: haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Ulipokuwa ukitangaza majina ya waliochaguliwa Kidato cha Kwanza, mzazi aliyeona mtoto wake ameachwa kwa sababu ya mkoa hakuwa na ibara ya kushika.

Sababu ya mgao unaijua kuliko mimi. Misheni zilijenga shule nyingi Kilimanjaro na Bukoba, na chache sana katika nchi kavu ya Ugogo na Usandawe, hivyo mtihani mmoja kwa nchi nzima ungeendelea kuwapa walionacho. Serikali ilizitwaa shule zilizokuwa za misheni chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, kisha ikagawa nafasi kwa mikoa. Matokeo yake hayakuwa yale tu yaliyokusudiwa. Wazazi wa Kilimanjaro waliokosa nafasi walichanga fedha na kahawa wakajenga sekondari zao binafsi, na pengo lililozibwa upande mmoja likafunguka upande wa pili. Lakini watoto walioingia sekondari kwa mgao, ambao vinginevyo wasingeingia, hawafutiki kwa sababu hiyo, na sikubaliani na wanaosema mgao ule ulikuwa hasara tupu.

Jambo la rangi nalo tulilimaliza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Serikali ya kikoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Oktoba 1961, katika mjadala wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika kwa rangi. Mwalimu Nyerere alipinga kwa ukali hadi akasema yuko tayari kujiuzulu. Mapema Januari 1964 aliagiza kwamba kuwatanguliza raia weusi mbele ya raia wengine katika utumishi kukome, akisema raia ni raia. Siku chache baadaye wanajeshi waliasi, nao walikuwa na madai yao kuhusu maofisa wa Kiingereza. Huo haukuwa uamuzi wa kupigiwa makofi.

Wasichana waliendelea kutazamwa kwa jicho lao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha miaka ya 1990 masomo ya utangulizi kwa wasichana wa sayansi waliokaribia kufikia sifa, ili wazifikie. Napenda namna ile: kiwango hakikuguswa, aliyeongezewa nguvu ni mwombaji.

*Kaka Wakili, nimezaliwa Kongwa, nina shahada, na nimefanya usaili wa serikali mara kadhaa bila kufanikiwa. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, kwenye ardhi ya babu zetu, lakini ofisi zimejaa watu wa mikoa mingine. Kwa nini sheria isitenge nafasi kwa wazawa wa Dodoma? Kijana, Kongwa.*

Ndugu yangu mdogo, uchungu wako unaeleweka, ila sheria kama ilivyo haikubebi. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mamlaka yoyote kubagua, na inapotaja misingi ya ubaguzi inaweka "pahala walipotokea" katika orodha moja na kabila, rangi, dini na jinsia. Hapa tunatofautiana kabisa na Marekani. Texas inaweza kumpa mtu nafasi kwa shule au eneo analotoka, kwa kuwa huko kinachotiliwa shaka ni rangi. Kwetu mahali mtu alikotoka pana ulinzi uleule wa rangi. Ofisa atakayekupa kazi kwa kuwa umezaliwa Kongwa, na kumwacha aliyezaliwa Rorya mwenye alama zaidi, amevunja Katiba. Ibara ya 22 nayo inampa kila raia fursa sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi.

Lakini ibara hiyohiyo ya 13 ina maneno ambayo Katiba ya Marekani haina. Inasema neno kubagua halitafafanuliwa kwa namna itakayoizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii. Majaji wa Marekani wamebishana kwa miaka mingi kama maneno mafupi ya Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yanaruhusu hatua za namna hiyo. Sisi tumeandika ruhusa katika ibara yenyewe, na viti maalumu vya wanawake bungeni, visivyopungua asilimia 30, vimewekwa na Katiba yenyewe. Ruhusa hiyo, hata hivyo, imepewa Serikali kwa hatua za makusudi, maana yake sheria au sera iliyotangazwa, yenye tatizo lililotajwa. Hakupewa mkuu wa idara anayetaka kuwaingiza watu wa kwao na kuuita upendeleo wake urekebishaji.

Ukitaka mabadiliko, basi, anwani yako ni mbunge wako na hoja yako iwe ya tatizo: eleza shule za sekondari zilivyochelewa kufika Kongwa, eleza idadi ya walimu wa hisabati. Hoja ya ardhi ya babu haina msingi katika Ibara ya 13. Kenya walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa kabila moja. Ili kuitekeleza lazima uandike kabila la kila mtumishi, na sisi hata katika sensa hatujauliza kabila tangu mwaka 1967. Sitaki turudi huko, na naamini hata wewe ukikaa miaka kumi Mbeya kikazi hutataka.

Kinachowezekana bila kubadili sheria ni kupunguza gharama ya kushindana. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imewahi kuendesha usaili mikoani badala ya kuwaleta watu wote Dodoma, na hilo husaidia zaidi kuliko unavyodhani, ingawa wewe wa Kongwa hukuwa na safari ndefu. Kwa kazi za mikataba midogo, mkandarasi anaweza kutaja kwamba anahitaji mtu anayeishi karibu na eneo la kazi, kwa kuwa zamu zinaanza alfajiri. Akiandika "mkazi", ametaja hitaji la kazi. Akiandika "mzawa", ametaja mahali mtu alikotoka, na hapo anaweza kuitwa ajieleze.

*Wakili, niliomba kazi ya uhasibu katika kampuni binafsi. Kwenye usaili niliulizwa kama nina mpango wa kuzaa karibuni, kisha nikaletewa ujumbe wa simu kwamba "tumeona tuchukue mtu asiye na majukumu ya familia". Niende wapi? Msomaji, Manyoni.*

Dada yangu, ujumbe huo usiufute. Ujauzito, jinsia na majukumu ya familia vyote vimetajwa katika Kifungu cha 7 nilichokieleza juu. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kujaza Fomu Na. 1 ya Tume na kumpatia nakala mwajiri kabla ya kuiwasilisha. Ukishaonyesha dalili za kutosha kwamba ulibaguliwa, ni kazi ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakukubagua au kwamba alikuwa na sababu inayokubaliwa na sheria, na sioni ni sifa gani ya uhasibu inayomtaka mtu asiwe na watoto.

Angalia kalenda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kulalamika, lakini mgogoro kama wako, ambao si wa kuachishwa, una siku 60 tangu ulipotokea. Kama zimepita, utalazimika kuomba kwanza kibali cha kuchelewa, ukieleza sababu ya kila siku uliyochelewa, na Tume haitoi kibali hicho kwa urahisi. Barua yako haina tarehe ya usaili. Itazame kwenye simu yako leo.